Kuhesabu saa au kuhesabu maneno?

Mwandishi anayetaka kumaliza muswada ana vipimo viwili vya kujibana: muda au idadi ya maneno. Kwa muda, unakaa mezani saa moja kila siku, basi. Kwa maneno, huinuki mpaka yatimie, tuseme 500.

Kipimo cha maneno kina hesabu inayotia moyo: 500 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ni 80,000 katika wiki 32, na hiyo ni riwaya nzima. Ubaya wake hujitokeza ukichoka. Unaanza kurefusha sentensi, mhusika anafungua mlango kwa aya nzima, ilmradi namba itimie. Tena hakifai kabisa siku za kuhariri. Aliyefuta maneno 300 mabovu kafanya kazi, lakini daftari linamwonyesha ana deni.

Muda hauna dhuluma hiyo. Kufikiri, kufuta, kusoma upya, vyote vinahesabika. Ila saa nayo hudanganyika kirahisi: simu mkononi, dakika 40 zimekwenda, na wewe unajisifu umeandika.

Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19 aliyekuwa pia mtumishi wa posta, alivifunga pamoja: saa mezani, maneno 250 kila robo saa, asubuhi na mapema kabla ya kazi. Mimi kasi hiyo siiwezi. Rasimu ya kwanza naipima kwa maneno, machache tu; nikifika kwenye kuhariri, nageukia saa, na simu naiacha chumba kingine.