Miche ya Mashamba Makavu Kutoka Kisauni: Tathmini ya Mteja

Kitalu ninachokitathmini kiko Kisauni, si mbali na barabara iendayo Malindi. Kinauza miche ya miti inayofaa mashamba makavu ya bara ya Pwani, na kwa malipo ya ziada humtuma mtaalamu wake shambani kabla na baada ya kupanda. Kikundi chetu, ambacho wanachama wake wengi wanaishi Mombasa huku mashamba ya ukoo yakiwa upande wa Kinango, kilikiendea kwa ajili ya ardhi iliyochoshwa na wachoma makaa na malisho ya mbuzi. Nimeliacha jina lake kwa kuwa nina malalamiko pia, na ningependa mwenyewe ayarekebishe kabla hayajamharibia biashara.

Nianze na lililonishangaza zaidi, nalo ni kwamba mtaalamu alitushauri tupunguze ununuzi. Tulikwenda na orodha ndefu, naye baada ya kulitembelea shamba akamwambia mwenyekiti wetu, "Mama, kabla hamjalipa, hesabuni kwanza visiki vilivyo hai." Kumbe migunga na mikwaju iliyokatwa miaka iliyopita ilikuwa bado na mizizi iliyoshika chini, ikichipua kila mvua inyeshapo na kuliwa na mbuzi kila kiangazi. Alitufundisha kuchagua machipukizi machache yaliyonyooka katika kila kisiki, yasizidi matano, kuyaondoa mengine yote, na kupogoa matawi ya pembeni hadi kiasi cha nusu ya urefu wa shina ili nguvu za mizizi ziende juu. Njia hii ndiyo iliyorudisha miti katika takriban hekta milioni 5 za mashamba nchini Niger, ilikoenezwa tangu miaka ya 1980 na Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, akishirikiana na wakulima wa Maradi, na gharama yake kubwa ni panga, jasho na ulinzi. Mche mpya unaanza maisha ukiwa na mizizi ya kina cha kiriba, yaani kimfuko cha plastiki cha kuoteshea, ilhali kisiki kina mizizi ya miaka mingi ardhini, kwa hiyo hakihitaji kumwagiliwa. Muuza miche anayekueleza haya huku miche yake imesimama mbele yako ni wa kuaminiwa.

Huduma yenyewe haikuishia kwenye miti. Kwa kuwa baada ya mavuno mifugo ya kijiji kizima huingia mashambani bila kuulizwa, mtaalamu alikataa kutupa ratiba ya kupanda mpaka tukutane na majirani wenye mbuzi na kukubaliana ni sehemu gani zifungwe na kwa muda gani. Kikao kilichukua muda, kikawa na maneno makali, lakini pasipo makubaliano hayo fedha zetu zingekuwa chakula cha mbuzi. Tangu serikali ya Kenya itangaze mwezi wa Desemba 2022 mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, miche imekuwa ikihesabiwa sana siku ya kupandwa, na ni nadra kumpata mfanyabiashara anayeuliza ingapi itakuwa hai kiangazi kitakapokwisha.

Kuhusu miche yenyewe, ubora haulingani. Mukau, mti wa mbao usioliwa na mchwa na unaovumilia ukame kuliko miti mingi ya biashara, ulikuwa mzuri sana, na hilo si jambo dogo: mbegu yake imefungiwa ndani ya kokwa gumu linalopaswa kupasuliwa kwa uangalifu, kisha mbegu ichanjwe na kulowekwa, na anayebahatisha hupata vitalu vitupu. Mwarobaini na mlonge ilikuwa ya kawaida. Mikwaju ndiyo iliyotuudhi, kwani sehemu yake ilikuwa imekaa kitaluni kupita kiasi hadi mizizi ikajizungusha chini ya kiriba, na mche wa namna hiyo huweza kusimama vizuri mwanzoni kisha ukadumaa. Mnunuzi na apasue kiriba kimoja viwili mbele ya muuzaji kabla ya kupakia.

Sikubaliani nao pia kuhusu mvinje, ambao wahudumu wa mauzo, si mtaalamu, humsukumia kila mteja. Ni kweli kwamba jirani zao wa Bamburi wana ushahidi mkubwa: tangu 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya saruji ya huko, alipoanza kupanda katika machimbo yake, mvinje ulishika juu ya mwamba mtupu wa matumbawe, ukisaidiwa na vijidudu vya mizizini vinavyonasa naitrojeni na jongoo waliogeuza majani makavu kuwa udongo. Lakini machimbo yale yako karibu na bahari na maji hayako mbali chini, wakati udongo mzito wa mfinyanzi ulioko sehemu za Kinango hauupendezi mti huo. Anayetaka boriti apande mvinje penye mchanga. Nawasifu, hata hivyo, kwa kukataa kabisa kuuza mathenge, mti wa miiba unaoenea ovyo na kuziba malisho, ambao nao uliingizwa Kenya kupitia machimbo hayo hayo mwaka 1973, na leo wafugaji wa Baringo na Tana River wanaujua kuliko wangependa.

Usafirishaji ndio udhaifu mwingine. Miche yetu ilipakiwa kwenye pikapu bila turubai, na upepo wa njiani ukakausha majani ya juu. Tulipolalamika tulipewa mingine badala ya iliyoungua, bila ubishi. Ziara ya baada ya kupanda, tuliyokwisha kuilipia, ilichelewa hadi tukaanza kuuliza.

Jambo la mwisho ni la kalenda. Kitalu hiki huandaa karibu kila kitu kwa ajili ya masika, kwa hiyo anayetegemea vuli, kati ya Oktoba na Desemba, hukuta mabaki ya msimu uliopita. Wanapokea maagizo ya mapema, ingawa hawaitangazi huduma hiyo, na kwa mukau hasa ni afadhali kuagiza masika yangali yananyesha, kulipa sehemu tu ya fedha, na kuandikiana tarehe ya ziara ya ukaguzi kwenye risiti.