Raba za mbio hapa Mbeya: zipi za kununua kwanza, zipi za kuacha mezani

Mwaka juzi mwezi wa tatu nilinunua raba mpya, nyeupe, zenye nembo kubwa ubavuni, kwa shilingi 55,000. Muuzaji aliniapia kuwa ni orijino. Wiki tano baadaye nilikuwa sishuki ngazi za nyumbani bila kushika ukuta. Ugoko wa kushoto uliuma mahali pamoja, padogo kama kifungo cha shati, na nilipopabonyeza kwa kidole machozi yalinitoka. Mtaalamu wa viungo aliyenipokea hakuanza na swali la kilomita. Alisema, "Dada, kesho njoo na hivyo viatu nivione." Alipovikunja kwa mikono miwili havikupinda kwenye shina la vidole, vilipinda katikati kabisa kama kipande cha boksi. Nilikaa wiki saba bila kukimbia.

Kiatu hakikuniumiza peke yake. Nilikuwa nakimbia kilomita 15 kwa wiki, nikasikia Mbeya Tulia Marathon inakaribia, nikarukia 40 ndani ya mwezi mmoja. Mifupa huzoea mzigo polepole kuliko moyo na mapafu. Pumzi inakuwa tayari wakati ugoko bado. Ila kiatu kibovu kilichukua kosa langu kikaliongezea uzito. Na kwa kuwa karibu kila mgeni anayejiunga na kikundi chetu cha mbio huuliza "ninunue raba gani?", naweka hapa mpangilio wangu, kuanzia lile chaguo ninaloliamini hadi lile ambalo sitaki mtu yeyote aliguse. Bei ni zile tulizolipa mimi na wenzangu hapa mjini. Kwako zinaweza kupanda au kushuka.

La kwanza: mtumba uliokaguliwa vizuri

Naweka mtumba juu na sioni haya. Raba halisi ya mbio iliyovaliwa kidogo na mwenyewe wa Ulaya kisha akaitoa, ina uhai mwingi kuliko feki inayotoka kwenye boksi asubuhi hii. Kwa kawaida raba ya mazoezi huenda kilomita 500 hadi 800 kabla sponji yake haijachoka. Hata ukipata iliyobakiza nusu ya hapo, mtu wa kilomita 25 kwa wiki anaivaa wiki kumi hadi kumi na sita. Sisi huwa tunalipa kati ya 30,000 na 60,000 kwenye masoko ya Mwanjelwa na SIDO, na anayewahi belo linapofunguliwa ndiye anayechagua.

Majina ya kutafuta ni Asics, Brooks, Saucony, Mizuno, New Balance na Hoka. Vijana wengi wanatafuta zile za kupendezea mtaani, kwa hiyo Brooks yenye rangi ya ajabu inaweza kukaa mezani wiki nzima ikikungoja wewe. Brooks Ghost, Asics Gel-Cumulus na Saucony Ride ni raba za kila siku zinazofaa miguu mingi. Asics Gel-Kayano na Brooks Adrenaline zimetengenezwa kwa mguu unaolalia ndani. Kuwa makini: kampuni hizo hizo hutengeneza pia viatu vya tenisi na vya matembezi, na vyote hulala kwenye rundo moja.

Ukaguzi usianze juu. Juu kumeshaoshwa kwa brashi na sabuni, na mara nyingine pembeni pamepakwa rangi nyeupe. Pindua kiatu. Kulika kidogo upande wa nje wa kisigino ni kawaida, watu wengi hutua hapo. Mpira wa chini ukiwa umekwisha hadi sponji inachungulia, rudisha. Kisha viweke vyote viwili mezani, uiname uvitazame kwa nyuma, macho yakiwa usawa wa visigino. Kikiegemea ndani au nje, mwenye kwanza ameshakipa umbo la mwendo wake, na mwendo huo utaurithi wewe.

Baada ya hapo bonyeza sponji ubavuni kwa kidole gumba. Inatakiwa iingie kidogo na irudi. Ikiwa ngumu kama sabuni ya mche, imezeeka. Ikiwa na mikunjo midogo midogo ya mlalo iliyojipanga kama karatasi, imeshakandamizwa. Kunja kiatu: kipinde pale vidole vinapoanzia. Soma lebo iliyo ndani ya ulimi, kwa sababu kampuni kadhaa huandika hapo tarehe ya kutengenezwa. Kiatu kilichokaa ghalani miaka kumi kinaweza kuonekana kipya kabisa, kumbe gundi imekauka. Mwenzetu mmoja soli ilimbanduka yote karibu na Uyole, mvua ikinyesha, akarudi kwa bajaji. Na tafadhali hakikisha kulia na kushoto ni namba moja. Jozi za kuchanganya zipo.

Kuhusu namba, achana na ile uliyozoea. Jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa shughuli za siku, kanyaga karatasi, chora, upime kutoka kisigino hadi kidole kirefu. Ongeza nusu sentimita hadi moja, halafu tafuta namba hiyo mahali palipoandikwa CM kwenye lebo. Inasaidia sana kwetu wanawake, maana kwa namba za Marekani 8.5 ya wanawake ni 7 ya wanaume, na muuzaji hana sababu ya kulijua hilo. Ukivaa, mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa gumba. Nenda na soksi zako za mbio, na uombe kukimbia hatua ishirini. Mama mmoja ninayenunua kwake huniambia, "Kimbia mwanangu, mimi sina haraka." Kwake sijawahi kujuta.

La pili: mpya halisi, ya toleo lililopita

Kampuni hutoa toleo jipya la raba ile ile karibu kila mwaka, na la zamani hushushwa bei ingawa tofauti ni ndogo. Hapo ndipo pa kuagizia, kupitia ndugu aliyeko Dar es Salaam au anayesafiri. Zangu za mwisho alinibebea mdogo wangu, zikanigharimu kama 230,000. Tatizo ni kwamba ikikubana hurudishi. Kwa hiyo agiza modeli uliyowahi kuivaa ya mtumba na mguu ukaikubali. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuanzia mezani Mwanjelwa: mtumba unakufundisha mguu wako kwa bei ya chini.

Lakini kama unatoka kwenye jeraha, geuza mpangilio: mpya iwe ya kwanza, hata kama itabidi usubiri miezi miwili ukichanga. Mguu unaopona hauhitaji mwendo wa mtu mwingine.

Hapa pia angalia kitu ambacho wengi hawakiangalii, yaani tofauti ya kimo kati ya kisigino na vidole ndani ya kiatu. Matoleo ya Ghost hadi la 16 yana milimita 12 hivi. Hoka Clifton hadi toleo la 9 ina milimita 5 hivi. Kisigino kikishuka, mzigo unahamia kwenye misuli ya nyuma ya mguu na kano ya kisigino. Aliyeumia kano hiyo akinunua kiatu cha kisigino cha chini kwa sababu rafiki amekisifia, anajitafutia kuumia upya. Kaa karibu na kimo ulichozoea, na ukitaka kubadilisha, badilisha kwa wiki nyingi.

Kwetu jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu ya milima. Ukipanda kuelekea chini ya Loleza kano inavutwa kila hatua, ukishuka magoti yanapigwa. Wenzetu wa Iringa wanaokimbia kutoka Ipogolo hadi mjini wanalijua hilo vizuri. Hakuna raba inayoondoa mlima. Wiki za mwanzo baada ya jeraha tafuta tambarare, hata kama ni kuzunguka uwanja wa shule mara thelathini. Mimi nilianza pale nilipoweza kutembea nusu saa bila maumivu: dakika moja nakimbia, mbili natembea, mara kumi, kisha kesho yake napumzika. Maumivu ya mfupa yanayokaa mahali pamoja, au yanayokuamsha usiku, ni ya hospitali.

Najua watu hupeana moyo kwa kumtaja John Stephen Akhwari, aliyeanguka Mexico City mwaka 1968, akaumia goti, na bado akafika mwisho likiwa limefungwa bandeji. Namheshimu kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini ile ilikuwa Olimpiki, na alikuwa ameibeba nchi mabegani. Mazoezi ya Jumanne asubuhi Isyesye yanaweza kusubiri. Nilipokuwa nje wiki saba, kilichonishika ni kwenda na kikundi hata hivyo, kushika saa na kubeba maji. Ningebaki kitandani nadhani ningeacha kabisa.

Za matope

Hizi sizipangi na nyingine, kwa sababu ni kiatu cha msimu. Kuanzia Novemba hadi Aprili barabara zetu za vumbi zinakuwa utelezi, na raba ya lami haina la kukusaidia. Kwenye mtumba tafuta zenye meno, kama Salomon au Hoka Speedgoat. Watu wa Makete na Rungwe wangeziweka namba moja, na wana haki.

La tatu: raba mpya za bei ya chini zisizoiga jina la mtu

Zile za dukani, 25,000 hadi 40,000, zenye jina ambalo hujawahi kulisikia. Kwa anayeanza kutembea haraka na kukimbia kilomita tatu, zinafaa. Kunja moja kabla ya kulipa. Ukifika kilomita 10 kwa mkupuo, zibaki za kwendea sokoni.

La nne: za kaboni

Ni zile za mashindano, zenye bamba gumu la kaboni ndani ya sponji nene. Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya dunia ya marathoni Tokyo mwaka 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03 baada ya saa 2:09:48. Kwa mtu wa namna hiyo kila chembe ya kiatu ina maana. Kwa sisi wa nusu marathoni ya saa mbili na zaidi, ni fedha nyingi kwa kiatu chenye maisha mafupi kinachoyumba kwenye kokoto. Fedha hiyo inanunua mitumba miwili mizuri, soksi na matibabu ya mwaka.

La mwisho kabisa: feki mpya yenye nembo kubwa

Mpya, orijino, kwa 55,000? Haipo. Dalili zake: harufu kali ya gundi, soli ya ndani ya karatasi ngumu, kiatu kinachopinda katikati, na sponji ambayo kidole gumba hakiingii hata ukisukuma. Asubuhi za Juni na Julai, baridi yetu ya Mbeya huikaza hata sponji nzuri kwa dakika za mwanzo. Ya feki inakuwa tofali. Kama huna zaidi ya fedha hiyo, itoe kwenye mtumba.

Wapo watakaosema basi bora peku, kwa sababu Abebe Bikila alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Ni kweli. Mwaka 1964 Tokyo alivaa viatu, akashinda tena, na kwa muda mzuri zaidi. Aliyekulia akikimbia peku ana unyayo wa miaka ishirini, na unyayo huo hauuzwi popote.

Ukibakiwa na hela, nunua jozi ya pili, ya aina tofauti kidogo, uvae kwa zamu. Mguu haupigwi mahali pale pale kila siku, na jozi iliyolowa inapata muda wa kukauka. Ikauke kivulini, imejazwa magazeti. Juani na karibu na jiko la mkaa gundi huachia.

Tarehe ya kununua naiandika kwa kalamu ya wino ndani ya ulimi, na kilomita najumlisha kwenye daftari. Za mtumba ninazovaa sasa zimenifikisha 410, na wiki iliyopita goti la kulia lilianza kunong'ona nikishuka. Jumamosi alfajiri naenda SIDO na dada mmoja mgeni katika kikundi. Karatasi yenye mchoro wa mguu wake iko kwenye pochi yangu: sentimita 24.3. Tunatafuta 25.