Darasa la Tano Kambini Kando ya Tanganyika: Kamba Safi, Ziwa Bado

Tuanze na neno lenyewe. Ukimwambia mzazi wa Kigoma kwamba mwanawe anakwenda kambini, atadhani ni kambi ya kukaririshwa maswali ya mtihani, na mwingine mawazo yatamtuma moja kwa moja kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kwa hiyo fomu ya ridhaa iseme wazi: siku 3, usiku 2, michezo ya nje, kulala kwenye mahema, na mtoto ataingia ziwani. Hilo la mwisho lipewe mstari wake na sehemu yake ya kusaini.

Kambi tunayoizungumzia iko ufukweni, nje kidogo ya mji wa Kigoma. Hupokea shule moja kwa wakati, watoto 40 hadi 50. Kwa watoto wa miaka 10 na 11 tunaisifu kwa michezo ya kupanda na kuteleza kwenye kamba, chakula ni cha wastani, na majini inafaa endapo tu walimu watakuwa wakali.

Kwenye kamba wanajua kazi yao. Mwongozaji mmoja hufunga mikanda, wa pili hukagua kwa mkono kabla mtoto hajapanda ngazi. Mikanda ni ya mwili mzima, inapita mabegani na mapajani, na ndiyo inayotakiwa kwa umri huu: mtoto ambaye nyonga bado hazijatokeza akipinduka kichwa chini anaweza kuchomoka kwenye mkanda wa kiunoni pekee. Kasoro ndogo ipo kwenye helmeti. Msichana aliyesukwa mabutu, helmeti inamkaa juu juu na kuteleza hadi kisogoni. Wanaosuka wasuke twende kilioni wiki hiyo, tatizo limekwisha.

Kamba ya kuteleza ndiyo watoto wanaipigania, na ndiyo inayokula muda. Mtoto wa kilo 25 upepo ukimjia usoni anaishiwa mwendo kabla ya kufika, anabaki ananing'inia huku wenzake wanamcheka, mpaka mwongozaji amfuate na kumvuta. Hatari hakuna, foleni ndiyo inayoganda. Panga wepesi waanze asubuhi pakiwa shwari, wazito wafuate.

Sasa ziwa. Ratiba waliyotupa inaweka kayaki saa tisa alasiri, eti watoto wawe wameshapumzika. Mvuvi yeyote wa Kibirizi angewaambia ni kinyume. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki unatawala, na mchana ziwa huchafuka. Kayaki yenye watoto wawili wasiojua kupiga kasia kwa pamoja hugeuka ubavu kwa wimbi, inapinduka. Dai zamu ya saa mbili hadi saa nne na nusu asubuhi. Ukiomba mapema wanakubali. Ukiomba mkishafika wanasema ratiba ya jiko imeshapangwa.

Majaketi ya kuokolea maisha ndiyo yanayotukera zaidi. Mengi ni ya watu wazima, na mtoto mwembamba akifungwa hilo, macho yanaona amevaa lakini maji hayadanganyiki: jaketi linaelea, mtoto anateleza kwa chini. Kipimo ni rahisi. Funga vifungo vyote, kisha shika jaketi mabegani ulinyanyue juu. Likifika masikioni, ni kubwa, vua. Soma na lebo ya ndani, imeandikwa uzito linaloufaa. Darasa la tano wengi hawazidi kilo 35. Lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu ni bora, maana haliwezi kupanda. Yanayowafaa watoto yakiwa 12, basi majini waingie 12, wengine wasubiri mchangani. Pia usikubali mpaka wa kuogelea uwe wa kuonyeshwa kwa kidole. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa ndani kabisa, na sehemu nyingi za ufuko hushuka ghafla. Wafunge kamba yenye madumu matupu. Kona yenye maji yaliyotulia na majani iepukwe kabisa, konokono wa kichocho hupenda hapo.

Kosa jingine la ratiba ni mazoezi ya saa kumi na mbili asubuhi. Aliyeiandika labda alikuwa Dar. Kigoma iko magharibi mno, jua linachomoza karibu saa moja; saa kumi na mbili ni giza, na watoto 45 wanakimbia wasione mizizi. Faida yake inakuja jioni, mwanga unabaki hadi kama saa moja, hivyo moto wa kambi usiwashwe mapema.

Mahema ni ya watoto 4, zipu nzima, ila mbu huingia wakati wa safari za chooni. Tochi moja kwa kila hema na zipu ifungwe nyuma ya anayetoka. Mtoto akipata homa usiku wa pili, msilaumu mbu wa pale: malaria huchukua siku 7 au zaidi tangu kuumwa hadi dalili, kwa hiyo alikuja nayo. Apelekwe kupimwa usiku huohuo. Kambi haina muuguzi, matroni wa shule ni wa lazima, na gari lisiondoke.

Chakula kinashibisha: ugali, maharage, dagaa kwa mawese. Dagaa wakikwaruza meno, walikaushwa juu ya mchanga. Omba wa chanja. Kwa likizo ya Juni ulizia kwanza kama uvuvi umefungwa. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na uvuvi ukifungwa hupati dagaa wabichi wala ule mstari wa taa za wavuvi usiku, ambao watoto wanaotoka mbali na ziwa huusimulia kuliko kamba yenyewe. Hata uvuvi ukiwa wazi, epuka usiku wa mbalamwezi, taa hazitoki.

Wakiwauzia nyongeza ya safari ya Gombe, hifadhi ya sokwe, kataeni. Umri huu hauruhusiwi kufuata sokwe msituni, na mafua ya mtoto mmoja yanaweza kuwaangusha sokwe. Nusu siku ya mwisho wapelekeni Ujiji, penye mnara wa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Mkienda, nguo mbichi zitangulie kwenye basi ndani ya mfuko wake, na majaketi mhesabu mbele ya mwongozaji, kwa sababu linalopotea hulipwa na shule.