Mshauri wa jioni, Mwembe Tayari: kwa aliyekwama na hajui aanzie wapi

Wenzangu wa Biashara Street hapa Mombasa wamekuwa wakiniuliza kuhusu mshauri nasaha ninayekwenda kwake, basi naandika mara moja kila mtu asome. Chumba chake kiko ghorofani, juu ya duka la vipuri, Mwembe Tayari. Ni mama wa makamo. Wateja twamwita Bi Mshauri, na kwa kuwa hapendi jina lake litandazwe mtandaoni, silitaji.

Sikwenda kwake kwa sababu ya kulia. Nasema hivi maana wengi hujizuia wakidhani huduma hii ni ya waliolemewa kabisa. Mimi nauza leso (kanga) dukani kwa mjomba tangu nilipomaliza shule. Kazi inakwenda, mshahara unaingia, nyumbani Kisauni kula kupo. Lakini nikiulizwa habari za siku nyingi, jawabu lilikuwa "nipo tu", na miaka ikapita nipo tu. Mwenzangu akitangaza jambo lake, kiwanja au safari ya Umra, kifua kinanibana, kisha naona haya kwa kubanwa. Jumapili jioni mwili unakuwa mzito na homa sina. Na kila mpango wangu ulianza na "nikishapata": nikishapata pesa, nikishapata nafasi, mamangu akishapata nafuu. Bi Mshauri aliyasikiliza yote bila kunikata, akaniambia kukwama ndiko huko, na mtu aweza kukwama huku anawachekea wateja.

Kabla yake nililipa kiingilio cha semina ya motisha kwenye hoteli moja. Msemaji alitupigisha makofi, akatuambia tuamke na tuthubutu, tukarudi nyumbani na daftari jipya. Ari ile haikufika Jumatano, kwa sababu hakuna aliyeniuliza nathubutu nini, lini, na kwa pesa gani.

Bi Mshauri huuliza hayo hasa. Alinipa karatasi tupu niandike kila kinachonisumbua, kikubwa na kidogo, bila kupanga. Ukurasa ukajaa: mshahara, presha ya mamangu, maneno ya watu kuhusu ndoa, ada ya mdogo wangu, cherehani. Akauliza ni kipi naweza kukigusa kwa mikono yangu kabla ya Ijumaa. Nikasema mshahara. "Huo uamuzi ni wako au wa mjomba wako?" Nikanyamaza. Akaweka kidole kwenye neno cherehani.

Ni Singer ya miguu, niliyoinunua nikitaka kuwa fundi. Ilikuwa imegeuka meza: nguo za kukunjwa juu, viatu chini, mkanda umekatika. Tuliandika njia zote za kuifufua, tukachagua moja, tukaigawa vipande vidogo vyenye siku na saa. Jumatatu baada ya isha, kuondoa nguo. Jumanne, kununua mkanda na mafuta. Alinisisitizia nisingoje mpaka nijisikie kufanya, saa ikifika nifanye. Nilipovalisha mkanda, gurudumu halikusogea kwa kutu. Nikatia mafuta kila tundu, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi nililizungusha kwa mkono, likagoma, likalegea, na sindano ikashuka. Nilichelewa kazini siku ile kwa kuizungusha tu.

Leso, kama tujuavyo, huuzwa doti, vipande viwili vilivyoungana, na mwenyewe hutafuta wa kumkatia na kumpindia. Sasa mchana nauza, jioni napinda za wateja wanaoniachia. Mshahara ni ule ule na mamangu bado anameza dawa. Lakini pesa ya pindo ni yangu, na kila wiki ina kazi niliyoipanga mwenyewe.

Mamangu alishangaa nalipa mtu wa kuzungumza naye ilhali mashoga, rafiki zangu wa kike, ninao. Mashoga zangu nawapenda, ila shoga atakuonea huruma kisha akupe na yake. Bi Mshauri huanza kikao kwa kuuliza: mkanda ulinunua? Njia yenyewe hakuibuni yeye. Aliniambia ni jamaa ya ile ya mpango wa Friendship Bench wa Zimbabwe, ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006, ambapo akina bibi waliofunzwa hukaa na watu kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuchambua shida moja moja. Utafiti wa Harare uliochapishwa 2016, wenye watu 573, ulionyesha waliokaa na mabibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Nilifarijika kujua njia hii imepimwa kwa watu wa hali kama zetu.

Kasoro zipo. Ngazi ni nyembamba, mzee wa magoti hapandi. Ukuta wa chumba cha mbele hauzuii sauti, na hilo nalihesabu kubwa, maana mji wetu kila mtu ni jamaa wa mtu. Bei ni shilingi 1,500 kwa kikao na bima hapokei. Mwanzo nilikwenda kila wiki, sasa naenda mwezi kwa mwezi. Cheti cha usajili amekitundika ukutani. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, kwa hivyo popote uendapo uliza cheti bila haya.

Kama usingizi umekukimbia, chakula hakipiti, au wazo la kujidhuru linakujia, usiingoje zamu yake, nenda hospitali leo na umwambie mtu wa karibu. Bi Mshauri mwenyewe huwaelekeza huko. Na aliyekwama kwa sababu anapigwa nyumbani anahitaji kwanza pa salama, orodha baadaye.

Nafasi za baada ya saa kumi na moja jioni hujaa upesi. Piga simu mapema wiki, na uombe chumba cha nyuma.