Kipima kani cha dijitali cha 500 N: kitufe cha UNIT kinasaidia, lakini kina mtego

Ni kipima kani cha mkononi, cha kuvuta na kusukuma, kikomo chake 500 N. Kitufe cha UNIT kinazungusha vipimo vitatu: N (niutoni), kgf (kilogramu-kani) na lbf (pauni-kani). Mimi nakitumia zaidi kwenye springi.

Hesabu ya ndani iko sahihi. Mzigo wa 100.0 N unageuka 10.20 kgf, ukibonyeza tena 22.48 lbf. Ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa kgf 1 ni 9.80665 N na lbf 1 ni 4.44822 N. Kilele kilichohifadhiwa, yaani kani kubwa kuliko zote iliyopimwa, nacho kinabadilika vizuri.

Shida ni king'ora, kile kinacholia kani ikifika kikomo ulichokiweka. Ukiweka kikomo cha 50 ukiwa kwenye N, halafu ukahamia kgf, namba inabaki 50 ile ile. Sasa ni kgf 50, yaani 490 N! King'ora kitalia wakati kihisio kimebakiza 10 N kufika mwisho wake, na springi uliyotaka kuilinda imeshanyooka zamani. Kijitabu hakisemi neno juu ya hili. Kwa hiyo chagua kipimo kwanza, kikomo baadaye, na kila ukigusa UNIT rudi ukakague kikomo.

Usidanganywe pia na desimali. Kwenye N kinasoma kwa hatua za 0.1. Kwenye lbf kinaonyesha 0.01, ambayo ni 0.044 N tu, hatua ndogo kuliko ile kinayosoma kwenye N. Tarakimu ya mwisho inarukaruka tu, usahihi haujaongezeka. Kwenye kani ndogo kgf ndiyo inayoumiza: 2.0 N inaandikwa 0.20 kgf, na ukiirudisha kwa kikokotoo unapata 1.96 N. Asilimia 2 imepotea kwenye kioo. Andika N daftarini, geuza mwishoni.

Jambo jingine, kiwandani wameandika "kg" mahali pa kgf. Anayekikagua kwa jiwe la kilo 5 karibu na ikweta ataona 4.99 na kudhani kimeharibika. Hakijaharibika. Mchapuko wa mvutano wa dunia pale ni kama 9.78 m/s², jiwe linavuta 48.9 N, na kifaa kinagawanya kwa 9.80665 popote kilipo. Karibu na ncha za dunia jiwe hilo hilo litasoma 5.01. Ukikagua, zidisha kilo kwa mchapuko wa mahali ulipo, kisha linganisha na usomaji wa N. Na kifaa kining'inie wima. Kikiinama baada ya kuwekwa sifuri, sehemu ya uzito wa kulabu yenyewe inaondoka kwenye kihisio na sifuri inahama.

Betri inadumu, kioo kinasomeka hata juani. Nakipa nyota tatu na nusu. Nyota moja nzima imeliwa na kile king'ora.