Eti "Hakuna tofauti"

Hii programu ya kulinganisha faili niliipenda, nikiri tu. Madirisha mawili: kushoto toleo la kwenye ripo (ghala la Git, mfumo wa kutunza matoleo ya faili), kulia la kwangu, nyekundu kilichotoka, kijani kilichoingia. Basi usiku mmoja wa juzijuzi, baada ya kupambana na faili moja tangu jioni, nikaifungua nipitie kazi kabla ya kukomiti, yaani kuihifadhi rasmi kwenye ripo. Ikaniandikia maneno mawili: Hakuna tofauti.

Hakuna tofauti! Na macho yameniiva kwa kukodolea kioo! Nikahifadhi upya, nikaifunga, nikaifungua. Yale yale. Nikadhani labda nimehariri nakala nyingine. Nikaitazama faili, kazi yangu yote imo.

Nikakimbilia terminali, lile dirisha la kuandikia amri, nikaandika git diff, amri ya Git ya kuonyesha tofauti, ili niiumbue. Nayo kimya, hata herufi moja. Hapo ndipo jasho liliponitoka.

Kumbe mapema nilikuwa nimeshapiga git add, amri ya kuandaa kazi kwa komiti, nikasahau. Na git diff tupu hailinganishi na komiti yako ya mwisho. Inalinganisha faili zako na indeksi, pale kazi inapokaa kusubiri komiti. Ukishaipeleka huko, pande zote mbili ni sawasawa. Nikaandika git diff --staged, mabadiliko yakamwagika yote. (Ukitaka ya indeksini na ya nje kwa mpigo mmoja, ni git diff HEAD.) Basi programu ya watu nimeisingizia. Nyota moja niliyokwisha kuiandalia nikaipandisha hadi nne, kwa aibu.

Halafu nikainua macho. Kitufe nilichobonyeza kimeandikwa "Linganisha na ripo". Ripo ipi, wakati umenilinganishia na indeksi? Git haikuniahidi kitu, mimi ndiye sikuijua. Hii imeandika jambo moja ikafanya jingine, tena kwa herufi kubwa!

Na ile faili mpya niliyoiunda usiku uleule, ambayo sikuwa nimeipigia add? Haikuitaja popote. Sawa, git diff nayo haizitaji faili za namna hiyo, lakini git status inakuorodheshea chini kabisa kwamba hazifuatiliwi. Kadoti kamoja tu ka rangi kangewagharimu nini?

Nyota mbili. Ya pili ni ya zile rangi, maana terminali yangu ikinimwagia mistari mia tatu napotea. Sijaiondoa. Naifungua bado, ila baada ya git status.