Kupima gari la kulala kwenye mizani ya Namanve: uzoefu wangu

Mafundi wengi wa matairi hapa Kampala wakiona Toyota Coaster hujaza upepo pauni 85 magurudumu yote, basi. Lakini langu limeng'olewa viti, likawekwa kitanda, jiko, betri na tangi la maji la lita 200. Nilitaka upepo unaolingana na mzigo wake. Nikalipeleka kwenye mizani ya ghala moja la nafaka Namanve, tangi na mafuta vimejaa, mke wangu na watoto ndani, kwa sababu uzito wa kupima ni ule wa safarini.

Nililipa shilingi 20,000. Kijana wa mizani akauliza, "Mzee, gari lote au ekseli kwa ekseli?" yaani magurudumu ya mbele peke yake, kisha ya nyuma. Nilipomwambia nataka na kila upande peke yake, alisita, kisha akakubali: magurudumu ya upande mmoja juu ya bamba, ya upande wa pili nje. Hapo ndipo nawasifu, bamba lao liko sawa na ardhi. Likiwa limeinuka gari huinama, uzito huhamia upande wa chini, na namba hazina maana tena.

Mbele kushoto kilo 980, kulia 1,060. Nyuma kushoto 1,420, kulia 1,780! Tangi na betri zote ziko kulia.

Matairi yangu yana alama 118/114 ubavuni, yaani mwisho wa kubeba ni kilo 1,320 tairi likiwa peke yake, na 1,180 kila moja yakiwa mawili pamoja kama ya nyuma kwangu. Kwenye jedwali la mtengenezaji wa matairi, linaloonyesha upepo wa kila uzito, unafuata upande mzito wa ekseli, halafu unajaza pande zote mbili sawa. Nyuma kulia kila tairi linabeba kilo 890, lakini la mbele kulia linabeba 1,060 peke yake. Kwa hiyo nikapata pauni 75 mbele na 70 nyuma, kinyume kabisa na mazoea ya kujaza zaidi nyuma.

Mizani ya serikali, kama ya Magamaga au Busitema, kazi yake ni kulinda barabara. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja ya matairi manne, ilhali manne yangu mwisho wake ni kilo 4,720. Unaweza kuruhusiwa pale huku matairi yameelemewa vibaya.

Kasoro ya mizani ya Namanve ni risiti: ilichapishwa uzito wa jumla tu, mengine nikayaandika kwa mkono.

Tumeshakwenda hifadhi ya Kidepo na upepo huo. Kwenye changarawe vyombo havigongani tena kabatini, na kwenye lami usukani umetulia. Jaza asubuhi gari likiwa bado halijatembea, na upepo ukipanda njiani kwa joto usiupunguze. Betri nitazihamishia kushoto, kisha nirudi kupima upya.